Hatua nane kwa yadi tano: kupanga onyesho la bendi ya gwaride ya chuo

Mapumziko ya mechi ya mpira wa Kimarekani ngazi ya vyuo ni dakika 20. Bendi ya wageni ikiwa imesafiri na timu yake, ninyi mnabakiwa na dakika 7 hivi. Kwa mwendo wa mipigo 144 kwa dakika, hiyo ni mipigo 1,008, basi. Ndani ya mipigo hiyo, mzee aliyehitimu mwaka 1975 anataka kuona alichokiona ujanani, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anataka kupiga wimbo uliotoka mwezi jana.

Wote wawili wanaweza kuridhishwa, ila si kwa hatua moja. Kila mila ya bendi hizi ilikuja na namna yake ya kutembea. Herufi zilizoundwa kwa watu uwanjani mwanzoni mwa karne ya 20 zilitokana na kwata ya kijeshi, bendi za vyuo vya Wamarekani Weusi zikaleta goti la juu na dansi, na miaka ya 1970 ukaja mwendo wa kuteleza. Anayepanga onyesho achague hatua kwanza, wimbo baadaye. Wengi hufanya kinyume, kisha wanashangaa tarumbeta zinatetemeka.

Uwanja ndio rula

Uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka goli hadi goli, na upana wa futi 160. Mistari inayoukata iko kila yadi 5. Hatua iliyozoeleka leo ni nane kwa yadi tano, yaani inchi 22.5, sentimita 57 na kidogo. Hatua ya zamani ya kijeshi ni sita kwa yadi tano: inchi 30, sentimita 76. Bendi ya Texas A&M bado inatembea kwa sita, na safu zake zinapopenyana bila kugongana utaelewa kwa nini hawajaiacha.

Nyingine nyingi zilihamia nane kwa sababu ya muziki. Fungu la wimbo wa gwaride huwa na mipigo 8, 16 au 32. Ukitembea nane kwa tano, mguu wa kulia unatua juu ya mstari katika mpigo wa 8, na wa kushoto unaondoka pamoja na fungu jipya. Ukitembea sita kwa tano, mistari inakuja kwenye mpigo wa 6, 12 na 18, na mpigo wa 16 unamkuta mwanafunzi katikati ya nyasi bila cha kujipimia.

Fundisha hatua hiyo bila ala. Panga watu 8 bega kwa bega juu ya mstari wa goli, weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mipigo, kwenye 108 kwa dakika, kisha watembee yadi 20, ambazo ni hatua 32. Macho mbele, kichwa kisiiname. Amueni mapema ni sehemu gani ya mguu inayotua juu ya mstari: kisigino au katikati ya unyayo. Bendi isiyoamua hilo huwa na safu iliyopinda kwa urefu wa kiatu kizima. Kosa la kawaida si urefu wa miguu ya watu, ni hatua ya kwanza: huwa fupi, na saba zinazofuata zinalipa deni lake.

Baada ya hapo kila mtu hupewa nukta yake, yaani mahali anaposimama katika kila umbo, imeandikwa hivi: upande wa kushoto, hatua 2 ndani ya mstari wa yadi 35 (yaani kuelekea katikati ya uwanja), hatua 4 nyuma ya vistari vya mbele. Vistari hivyo vifupi vilivyochorwa ndani ya uwanja ndivyo mtego mkubwa. Kwenye uwanja wa chuo viko futi 60 kutoka ukingoni, hatua 32 kamili. Kwenye uwanja wa shule ya sekondari viko futi 53 na inchi 4, hatua 28 na nusu hivi. Mkifanya mazoezi ya wiki nzima kwenye uwanja wa sekondari kisha mkaingia wa chuo, kila aliyejipimia kwa kistari atakosea kwa mita 2. Mwaga chokaa mahali sahihi kabla ya zoezi la kwanza.

Herufi

Mwaka 1907 bendi ya Purdue iliunda herufi P uwanjani, na mila ya kuandika kwa watu ikaanza. Bado ndiyo njia rahisi ya kumfurahisha mtu aliyekaa juu jukwaani, mradi ukumbuke kwamba haangalii kutoka angani. Anaangalia kwa mshazari, hivyo kina cha uwanja kinafupika machoni pake. Herufi iliyochorwa kwa vipimo sawa kwenye karatasi itaonekana imekandamizwa. Irefushe kuelekea nyuma.

Chukua P yenyewe. Nguzo yake iwe na kina cha hatua 32. Tumbo lake liwe na upana wa hatua 12 na kina cha 16. Ukiweka mtu kila baada ya hatua 2, nguzo inakula watu 17 na tumbo watu 19: jumla 36. Ukitaka mstari mnene wa safu mbili, andaa watu 72 hivi. Usijaribu kubana matumizi kwa kuweka mtu kila hatua 4. Macho hayaunganishi tena nukta, na badala ya P jukwaa linaona watu waliotawanyika.

Kwenye kona za herufi weka wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne. Mtu wa katikati ya mstari akikosea kwa nusu hatua hakuna anayejua. Wa kona akikosea, herufi imebadilika.

Kuandika kwa msururu

Tarehe 10 Oktoba 1936 bendi ya Ohio State iliandika neno Ohio kwa mwandiko wa mkono uliounganishwa. Watu walitembea kwa msururu mmoja nyuma ya kiongozi mwenye fimbo, wakichora neno kama wino unaotoka kwenye kalamu. Wanaanza na maumbo matatu ya O yanayozunguka, kisha msururu unafunguka. Nukta juu ya i huwekwa na mpiga susafoni, ala kubwa ya kupuliza inayozunguka mwili na kukaa begani. Mara ya kwanza aliiweka mpiga ala ndogo ya jamii ya tarumbeta. Susafoni ilichukua nafasi mwaka uliofuata, na leo heshima hiyo husubiriwa kwa miaka. Mchekeshaji Bob Hope na mcheza gofu Jack Nicklaus ni miongoni mwa wachache wa nje waliowahi kupewa.

Ukitaka kuandika neno la chuo chako kwa njia hii, jiandae kwa tatizo moja ambalo haliishi: msururu unatanuka na kubana kama kodiani. Anayefuata akisubiri kuona mguu wa mbele yake ndipo atembee, anachelewa kidogo. Wa nyuma yake anachelewa kidogo zaidi. Wakifika kona, wa mkiani wanakimbia huku ala ziko mdomoni. Dawa yake ni kwamba hakuna anayetembea kwa kumwangalia aliye mbele. Wote wanaondoka mpigo mmoja, hatua ni ileile penye mnyoofu na penye kona, na njia imechorwa ardhini kwa chokaa wakati wa mazoezi. Siku ya mechi chokaa haipo, lakini miguu inakumbuka.

Pale mistari inapokatana, msipitane kwa kubahatisha. Mmoja wa huku, mmoja wa kule, na nafasi kati ya mtu na mtu isipungue hatua 2. Fanyeni kona hiyo peke yake mara 10 bila ala, kisha mara 10 na ala, kwa sababu tromboni ina mkono unaochomoka mbele na mtu aliyepita salama mikono mitupu atapigwa kisogoni.

Msururu wote utumie mwendo mmoja wa wimbo. Ohio State hutumia gwaride la Kifaransa, na gwaride lenye mpigo ulionyooka ndilo linalofaa. Wimbo unaobadilisha kasi katikati utawaua.

Goti la juu na dansi

William P. Foster alianza kuongoza bendi ya chuo cha Florida A&M mwaka 1946, na kutoka kwake na kwa wenzake wa vyuo vya Weusi ulitoka mtindo wenye kasi, magoti yaliyopanda, nyimbo za redioni na dansi. Tarehe 14 Julai 1989 bendi hiyo ilitembea Paris katika maadhimisho ya miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Anayejua beni za pwani yetu, Marini na Arinoti zikitafutana mitaani kwa sare na shaba, atautambua ushindani wa bendi hizi bila mkalimani.

Goti linapanda hadi paja lilale sambamba na ardhi, kidole cha mguu kikiangalia chini. Kinachoumia ni pumzi. Kwa hiyo mpangaji hapaswi kuwapa wapulizaji fungu refu la noti za juu wakati magoti yanapanda. Panga goti la juu kwenye kuingia na kutoka, ngoma zikibeba, kisha simamisha watu ndipo wapulize kwa nguvu.

Dansi hufundishwa kwa mpangilio huu na si mwingine: wimbo ukaririwe kabisa, dansi ifundishwe mikono mitupu, kisha dansi na ala bila kupuliza, mwisho yote pamoja. Anayeruka hatua ya tatu anapata midomo iliyopasuka. Susafoni ya shaba hupita kilo 10 begani, na anayeibeba asipewe kuruka mara mbili mfululizo. Mpe mzunguko wa kiuno. Kwa mbali mdomo ule mpana wa susafoni unapozunguka unapendeza kuliko kuruka.

Maumbo yanayojikunja

Miaka ya 1960 Bill Moffit, akiwa Michigan State, aligawa bendi katika vikundi vya watu wanne vinavyogeuka kila kimoja kivyake, na uwanja ukaanza kutembea badala ya kusimama kama ubao. Mwaka 1972 yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa ya Drum Corps International, chama cha vikosi vya ngoma na tarumbeta, na kutoka vikosi hivyo vyuo viliazima maumbo ya mviringo yasiyolingana pande zote, wabeba bendera wanaocheza, na mwendo wa kuteleza.

Mwendo huo ni kisigino kwanza, vidole juu, kisha unyayo unajiviringisha hadi mbele bila goti kuruka. Ukirudi nyuma, kaa juu ya nyayo za mbele na visigino visiguse ardhi. Kipimo ni rahisi: mpulizaji ashike noti moja ndefu akitembea hatua 16. Noti ikitikisika kila hatua, kisigino chake kinagonga.

Kabla ya kumhamisha mtu kwa mshazari, piga hesabu. Hatua 12 pembeni na 9 kwenda mbele ni safari ya hatua 15. Kwa mipigo 16, kila hatua ni sentimita 54: kazi nyepesi. Kwa mipigo 8 ni sentimita 107, na hakuna mwenye susafoni atakayefika akiwa bado anapuliza. Programu za kompyuta huonyesha nukta zikiteleza vizuri kwenye kioo na hazichoki. Zingine huweka alama nyekundu hatua ikizidi, lakini mpangaji ndiye anayejua nani amebeba nini.

Bendi ya chuo hubadilisha onyesho mara kadhaa kwa msimu, tofauti na sekondari inayoshindana na onyesho moja. Maumbo 20 hadi 30 yanatosha kwa wiki moja ya mazoezi. Ohio State walipotembeza michezo ya video uwanjani mwaka 2012, na mwaka uliofuata mtu mkubwa anayecheza kama Michael Jackson, watazamaji waliona uchawi. Chini yake kulikuwa na nukta zilezile na hatua zilezile.

Sauti inachelewa

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Wawili wakisimama mbali kwa yadi 40, sauti ya mmoja inamfikia mwingine baada ya sekunde 0.11 hivi. Kwa mwendo wa mipigo 160, hiyo ni zaidi ya robo ya mpigo, na jukwaa linasikia bendi mbili. Weka ngoma nyuma katikati. Wapiga ngoma wafuate mikono ya kiongozi kwa macho. Walio mbele yao wafuate ngoma kwa masikio. Aliye mbele akimfuata aliye pembeni yake kwa sikio, mambo yamekwisha. Umbo likiwa pana mno, punguza mwendo hadi 120 au rudisha pande karibu.

Yanayoachwa na yanayopanuka

Sheria ya Title IX ya 1972 ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu; Ohio State ikapokea wanawake wa kwanza 1973, Texas A&M 1985. Kwa mpangaji maana yake ni kupima sare na mikanda ya ngoma upya kila Agosti, si kugawa makoti ya zamani kwa kukisia.

Nyimbo nazo hukaguliwa. Bendi ya chuo cha Mississippi iliacha kupiga Dixie mwaka 2016, kwa sababu ya uhusiano wake na majimbo yaliyopigania utumwa.

Mateso kwa wapya, yanayoitwa ukaribisho, hayana nafasi kabisa. Mwaka 2011 mwanafunzi wa bendi ya Florida A&M alifariki kwa kipigo ndani ya basi, na bendi ikasimamishwa hadi 2013. Msimamizi mtu mzima akae katika kila basi, hadi mtu wa mwisho ashuke.

Kuingia na kutoka

Stanford na vyuo vingine vichache havitembei kabisa: hukimbia ovyo kutoka umbo hadi umbo. Inaonekana rahisi, ila kila mtu anahitaji nukta kama kawaida, na mkimbio wa mipigo 16 bila njia zilizopangwa huishia kwa watu kugongana vifua.

Bendi ya Stanford ndiyo iliyoingia uwanjani tarehe 20 Novemba 1982 kabla mechi dhidi ya California haijaisha, na mchezaji aliyefunga bao la mwisho akamkumba mpiga tromboni. Weka mtu mmoja ukingoni asiye na ala, ambaye kazi yake ni kumwangalia mwamuzi tu. Bendi isivuke mstari hadi mtu huyo ainue mkono. Wakati wa kutoka, yeye ndiye ahesabu watu, na aokote kofia zilizoanguka.