Kabla hujachomoa SSD: kutafuta hitilafu ya kache kwenye kompyuta ya mezani yenye bcache

Mpiga picha mmoja wa harusi aliniletea kompyuta yake ya mezani. Ina hadi diski ya TB 2, na mbele yake SSD (diski ya kielektroniki yenye kasi) ya GB 120 inayofanya kazi ya kache, yaani hifadhi ya haraka ya mbele, kwa bcache, programu iliyomo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 3.10 la mwaka 2013. Mashine ilianza kusuasua, fundi wa kwanza akachomoa SSD, akaifomati na kuifunga kwenye kompyuta nyingine. Picha za harusi mbili zilikuwa bado ndani ya SSD hiyo, hazijashushwa kwenye hadi diski. Hatukuzipata tena. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye terminali, bisibisi baadaye.

Hatua ya 1: Uliza hali ya kache

Ingia kwa `sudo -i`, kisha:

`cat /sys/block/bcache0/bcache/state`

Ukiona `clean`, kila kitu kimeshafika kwenye hadi diski. `no cache` maana yake hadi diski inafanya kazi peke yake. Ukiona `dirty`, simama hapo: kuna data iliyoko kwenye SSD tu. Faili la `dirty_data` katika folda hiyohiyo litakuambia ni kiasi gani.

Hatua ya 2: Shusha data yote

Soma `cache_mode` katika folda hiyohiyo, hali inayotumika imewekwa ndani ya mabano ya mraba. Bcache huanza na `writethrough`, inayoandika pande zote mbili kabla ya kusema kazi imekwisha. Wengi huibadilisha kuwa `writeback`, inayoandika kwenye SSD kwanza na kushusha baadaye, kwa sababu ya kasi, na hapo maisha ya faili zako yanategemea SSD moja ndogo. Irudishe:

`echo writethrough > /sys/block/bcache0/bcache/cache_mode`
`echo 0 > /sys/block/bcache0/bcache/writeback_percent`

Usiiache amri ya pili. Kwa kawaida bcache hulenga kubakiza sehemu ya kache bila kushushwa, kwa hiyo ukingoja tu, mabaki yatashuka polepole mno. Subiri mpaka `state` isome `clean`, kisha nakili faili muhimu kwenye diski ya nje.

Hatua ya 3: Pima afya ya SSD, na waya wake

Sakinisha smartmontools (zana za kusoma afya ya diski), tafuta jina la SSD kwa `lsblk`, kisha andika `smartctl -a /dev/sdb` (weka jina la kwako). Mimi hutazama kwanza mstari wa `UDMA_CRC_Error_Count`, yaani hesabu ya makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta. Namba hiyo hairudi sifuri, hivyo iandike, tumia kompyuta siku moja, uisome tena. Ikiwa imepanda, mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa SATA, ule unaopitisha data kati ya diski na ubao mama. Ubadilishe kabla ya kununua SSD mpya. Kwenye kompyuta za mtumba nakutana na waya mbovu mara nyingi.

Hatua ya 4: Kama tatizo ni kasi tu

Soma `stats_day/cache_hit_ratio`, yaani asilimia ya maombi yaliyojibiwa na SSD. Ikiwa ndogo, huenda hakuna kilichoharibika. Bcache hupitisha pembeni usomaji na uandishi wa mfululizo unaozidi MB 4, kwa hiyo kunakili video kubwa kutakwenda kwa mwendo wa hadi diski. Ukitaka nazo ziingie kwenye kache:

`echo 0 > /sys/block/bcache0/bcache/sequential_cutoff`

Binafsi siipendekezi kwa SSD ndogo: filamu moja itafukuza faili unazozitumia kila siku.

Hatua ya 5: Kache imejitenga, au bcache0 haionekani

`state` ikisema `no cache`, chukua UUID (namba ndefu ya utambulisho wa kache) kutoka `ls /sys/fs/bcache` na uiandike kwa `echo` kwenye faili la `/sys/block/bcache0/bcache/attach`. Lakini `bcache0` ikiwa haipo kabisa, usikimbilie kuandika 1 kwenye faili la `running` la hadi diski. Amri hiyo huiwasha bila SSD, na data iliyokuwa haijashushwa hubatilishwa hata SSD ikirudi baadaye. Kwanza irudishe SSD ileile, hata kwa waya mwingine au tundu jingine la SATA.

Hatua ya 6: Kuitoa SSD

`echo 1 > /sys/block/bcache0/bcache/detach`

Amri hii hushusha kwanza kilichobaki, ndipo itenganishe. Endelea kusoma `state`. Ikisema `no cache`, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, sasa shika bisibisi.