Namna ya Kubadili Sauti ya Bendi ya Punk katika Toleo la Pili: Mwongozo kwa Wanaorekodi Arusha

Bendi ya punk, yaani roki ya kasi na kelele, inayofanya mazoezi katika chumba cha kukodi Sakina au Ngarenaro, ambayo imekwisha kutoa rekodi ya kwanza na kuisambaza kwa simu na kwa flashi, hufika mahali ambapo nyimbo mpya hazikubali tena kupigwa kama zile za mwanzo. Kasi ni ileile na gitaa linanguruma vilevile, lakini wanamuziki wenyewe wamekwisha kukua. Mwongozo huu ni wa bendi iliyofika hapo. Msimamo wangu ni kwamba sauti ya bendi hubadilika kuanzia kwenye mdundo, na kwamba kununua pedali mpya kabla mpiga drams hajabadili upigaji wake ni kupoteza fedha.

Kabla ya kutunga lolote, kubalianeni juu ya kitu kimoja kitakachobaki. The Clash walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1977 wakiwa bendi ya kasi na kelele, na ilipofika Desemba 1979 walikuwa wametoa albamu ya sahani mbili yenye rege, ska na rokabili ndani yake, lakini kilichobaki bila kuguswa kilikuwa uimbaji mkavu unaozungumzia maisha ya mtaani, na ndiyo maana msikilizaji hakupotea. Black Flag wa California walifanya kinyume chake mwaka 1984: upande wa pili wa albamu yao una nyimbo tatu tu, kila moja ikipita dakika sita, zikiburutwa polepole mno kwa bendi iliyojulikana kwa mwendo wa mbio, ilhali ukali wa gitaa ni uleule. Bendi yenu inaweza kubakisha sauti ya mwimbaji, au namna gitaa la rithimu linavyokatwa, au maudhui ya mashairi. Msipoamua mapema, mtabishana studio huku saa za malipo zikienda.

Hatua inayofuata ni kusikiliza rekodi yenu ya kwanza kwa daftari mkononi. Pakueni metronomu ya bure (programu inayohesabu mapigo) kwenye simu, mpime kasi ya kila wimbo, mwandike pia ufunguo wake, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, urefu wake na mahali kiitikio kinapoanzia. Mara nyingi itaonekana kwamba nyimbo karibu zote ziko kati ya mapigo 170 na 190 kwa dakika na zimetungwa katika funguo mbili tu, na hapo mtakuwa mmepata orodha ya mambo yanayohitaji kuguswa.

Sasa njooni kwenye drams, ambako kazi yenyewe ipo. Katika mdundo wa kawaida wa punk, sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkali, hulia kwenye pigo la pili na la nne, na kiki, ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, hujaza yaliyobaki. Chukueni wimbo wa mapigo 180, msibadili kasi ya metronomu hata kidogo, kisha mpiga drams aihamishie sneya kwenye pigo la tatu peke yake. Wimbo uleule utasikika kana kwamba umepungua kasi kwa nusu, gitaa litapata uzito, na mwimbaji atapata nafasi ya kuvuta pumzi. Nilishuhudia bendi moja ya hapa ikijaribu jambo hili katikati ya mazoezi: mpiga besi aliacha kupiga kwa mistari minne, akatazama mguu wa mpiga drams, kisha akarudi na noti mbili tu mahali alipokuwa akipiga nane, na chumba kizima kikabadilika. Baada ya hapo jaribuni mdundo wa rege ambao kiki na sneya huangukia pamoja kwenye pigo la tatu huku pigo la kwanza likiachwa wazi. Bad Brains wa Washington, walioanza kama bendi ya jazi ya mchanganyiko kabla ya kuwa punk, waliweka rege na nyimbo za kasi kali katika kaseti moja mwaka 1982 bila kulainisha upande wowote, na mfano huo unafaa kusikilizwa na kila mpiga drams.

Msikilize pia vya karibu. Singeli ya Dar es Salaam hupita mapigo 200 kwa dakika bila wasiwasi, kwa hiyo bendi ya punk inayotaka kwenda mbio zaidi haina haja ya kutafuta mwalimu ng'ambo. Duma wa Nairobi, katika albamu yao ya mwaka 2020, walichukua ukali wa muziki mzito wa magitaa wakauingiza kwenye mashine za elektroniki. National Wake wa Johannesburg, bendi ya weusi na weupe chini ya ubaguzi wa rangi, walichanganya punk, rege na fanki katika albamu yao ya mwaka 1981. Na hapa hapa Arusha, X Plastaz walikwisha kuonyesha katika albamu ya mwaka 2004 kwamba uimbaji wa Kimaasai unaweza kukaa katikati ya hip hop kama mhimili wa wimbo. Neno hilo la mhimili nalisisitiza, kwa sababu kumwita mwimbaji wa Kimaasai aje kunguruma sekunde kumi mwanzoni mwa wimbo uliokwisha kutungwa ni kumtumia kama pambo. Akae nanyi tangu siku ya kutunga, alipwe, na jina lake liandikwe miongoni mwa watunzi.

Magitaa hayahitaji maelezo marefu. Punguzeni mkwaruzo wa amplifaya hadi karibu nusu ya mlivyozoea, kwa kuwa magitaa mawili yenye mkwaruzo kamili yakirekodiwa pamoja hugeuka ukungu usiotofautisha kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) moja na nyingine. Gitaa la rithimu likae kushoto, la solo kulia, na besi katikati pamoja na kiki.

Uimbaji unataka uangalifu zaidi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na vitenzi vyetu ni virefu, hivyo mstari wenye neno kama “wanatunyanyasa” ukibanwa kwenye mapigo 180 hupoteza mkazo wake na msikilizaji hasikii kinacholalamikiwa. Mdundo uliopunguzwa nusu huponya tatizo hili. Mwimbaji ausome kwanza mstari kama anavyozungumza, mpiga drams aweke sneya pale mkazo unapoangukia, ndipo mfuate kwa magitaa.

Nyimbo mpya zipigwe mbele ya watu kabla ya kurekodiwa, hata kama ni marafiki ishirini uani, kwa sababu wimbo wa polepole uliopwaya hujulikana mara moja watu wanapoanza kuzungumza.

Kuhusu kurekodi, kama chumba chenu kimeezekwa bati bila dari, epukeni masika ya Machi hadi Mei, kwani mvua ya Arusha juu ya bati haiondolewi na programu yoyote. Trei za mayai ukutani hazizuii besi; magodoro yaliyosimamishwa kwenye pembe na mablanketi mazito ya mitumba kutoka soko la Kilombero yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Pigeni wote kwa pamoja chumba kimoja, kisha sauti ya mwimbaji irekodiwe baadaye. Vilele vya sauti visipite desibeli -10 kwenye kipimo cha programu ya kurekodia, kwa maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki. Mlio wa chini unaosikika gitaa likiwa kimya ni wa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Chomekeni amplifaya zote kwenye ekstensheni moja, mpiga gitaa ajigeuze taratibu mpaka apate upande ambao mlio unapungua, kisha asimame hapo.

Mkimaliza kumiksi, msiisikilize kazi kwenye spika za studio peke yake. Mwombeni dereva wa kifodi, daladala ndogo ya hapa, aiweke akiwa njiani, muisikilize kwenye simu ya kawaida na kwenye spika ndogo ya bluetooth. Besi ikipotea kwenye simu, ongezeni sauti zake za kati badala ya zile za chini kabisa. Katika mpangilio, wimbo ulio mbali kabisa na sauti ya zamani uwe wa pili au wa tatu, ili msikilizaji aupokee masikio yakiwa bado mapya.

Mwisho, hifadhini kila chombo katika faili lake, vikiwa nakala mbili katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na kila faili liandikwe jina la wimbo, ufunguo na kasi yake.