SOMO: Kupima tungamo la nyota pacha ndogo (sitajibu tena faragha)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne jinsi ya kupima tungamo la nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Mfano wetu ni Kruger 60, vibete vyekundu viwili (nyota ndogo, hafifu, zenye rangi nyekundu) katika kundinyota la Kifausi, miaka nuru 13 hivi kutoka kwetu.

1. Omba vipimo kwenye katalogi ya nyota pacha ya Washington: mwaka, pembe (upande ilipo nyota ndogo ukitazama kutoka kubwa), umbali kati yao angani.

2. Weka nukta kwenye karatasi ya grafu, nyota kubwa katikati. Pembe huanzia kaskazini kwenda mashariki.

3. Chora duaradufu.

4. Hapa ndipo nilipoumbuka. Duaradufu uliyochora siyo obiti (njia ya mzunguko) yenyewe. Obiti imeinama, kama sahani unavyoiona ukiwa umekaa mezani. Mimi nililaza rula, nikasoma mhimili mrefu, nikatangaza jibu kwa mbwembwe. Kwenye hesabu ya tungamo urefu huo unaenda kipeo cha tatu: ukiupunja asilimia 10, tungamo linapungua asilimia 27! Dalili ya mwinamo ni kwamba nyota kubwa haikai kwenye fokasi ya mchoro wako (moja ya nukta mbili maalumu ndani ya duaradufu, ambapo ingekaa kwenye obiti halisi). Acha programu ya kompyuta itafute mwinamo kwanza. Na kama nukta hazijafika hata nusu ya mzunguko, usijisumbue. Duaradufu kumi tofauti zitapita humo humo.

5. Nusu ya mhimili mrefu halisi ni sekunde 2.4 za pembe (sekunde moja ni 1/3600 ya nyuzi). Gawanya kwa paralaksi (jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua, nayo kwa sekunde za pembe), 0.25: unapata 9.6, yaani mara 9.6 ya umbali wa Dunia na Jua. Kipeo chake cha tatu ni 885. Gawanya kwa 44.7 × 44.7 (miaka ya mzunguko mmoja). Jibu: 0.44 ya tungamo la Jua.

MASWALI

Chapuchapu: Kwa hiyo kila moja ni 0.22?
— Nimeandika wapi? Hiyo 0.44 ni jumla ya zote mbili.

Binti Darubini: Basi tunazigawaje, mwalimu?
— Swali zuri. Zilinganishe zote mbili na nyota za mbali zilizo nyuma yake. Zinazunguka kitovu kimoja, na nyepesi ndiyo inayoyumba zaidi. Hapa uwiano ni kama 3 kwa 2, hivyo 0.26 na 0.18.

Chapuchapu: Paralaksi yangu inasema 250.
— Soma kichwa cha safu. Hizo ni sehemu za elfu moja za sekunde ya pembe: 250 ni 0.25.

Mzee wa Grafu: Mnaotumia Excel, sawazisheni skeli za mihimili yote miwili. Ikijinyoosha yenyewe, duaradufu yako ni ya uongo.
— Asante mkuu, hilo nililisahau.

Binti Darubini: Kutoka Dar, Kifausi iko chini mno.
— Jaribu nyota pacha Luyten 726-8 kwenye kundinyota la Ketusi, hupita karibu na utosi. Mzunguko wake ni miaka 26 na nusu. Ila ile ndogo, UV Ceti, hulipuka: mwaka 1952 mwanga wake uliongezeka mara 75 ndani ya sekunde 20. Usiku kama huo, nyota ndogo inaweza kuipita kubwa kwa mwanga, ukazichanganya na kuandika pembe iliyogeuka nyuzi 180.