Diski za Breki: Zichongwe au Zibadilishwe?

Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, utaambiwa "diski zimepinda". Mara nyingi hazijapinda. Zimelika bila usawa, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, na tofauti ya 0.02 au 0.03 mm tu yaweza kusikika mguuni. Kama zichongwe (uso usawazishwe kwa mashine) au zitupwe, hilo huamuliwa na maikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi. Jicho halitoshi.

Hatua 1: Fungua. Legeza nati, inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, toa tairi na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Kalipa ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa paipu yake.

Hatua 2: Tafuta kikomo. Sugua kutu kwa brashi ya waya kwenye ukingo au kofia ya diski (sehemu ya katikati iliyoinuka). Mara nyingi utakuta maandishi "MIN TH" (unene wa chini kabisa unaoruhusiwa) na namba ya milimita. Kama yamefutika, tazama kitabu cha ufundi cha gari hilo.

Hatua 3: Pima. Pima sehemu 8 kuzunguka diski, kama sentimita moja kutoka ukingoni. Pedi haifiki ukingoni kabisa, kwa hiyo hapo huota mdomo. Ukitumia vernia ya kawaida, taya zake huegemea mdomo huo na utasoma unene ambao haupo. Andika vipimo vyote, kisha ushike kilicho kidogo kuliko vyote.

Hatua 4: Piga hesabu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanalinganisha kikomo na unene wa leo, badala ya unene utakaobaki baada ya kuchonga. Tuseme kikomo ni 22.0 na diski inasoma 23.1. Mkerezaji akitoa 0.3 kila upande, inabaki 22.5. Bado iko juu ya kikomo, lakini pedi mpya nazo zitaendelea kuila, na diski nyembamba huwahi kuchemka. Mimi hiyo ningeibadilisha. Ingesoma 23.7, ningeichonga bila wasiwasi.

Na kama ni nene, haitetemeshi, na mikwaruzo yake haikwamishi ukucha? Iache. Kuichonga ni kupunguza chuma bure.

Hatua 5: Kagua kasoro zisizochongeka. Ufa unaofika ukingoni, au kutu iliyokula mapezi ya katikati (kuta ndogo kati ya nyuso mbili za diski): badilisha, hata unene uwe mzuri. Madoa ya bluu iliyokolea pia ni ya kuogopa. Joto limekigeuza chuma pale kuwa kigumu. Kisu cha mashine hukiparaza, na baada ya muda kinundu huinuka tena palepale.

Hatua 6: Rudisha. Kwanza safisha habu (kitovu ambacho diski hukaa juu yake) mpaka chuma king'ae. Gamba dogo la kutu likibaki nyuma ya diski, diski itazunguka ikiyumba, na mtetemo utarudi hata kama ni mpya. Diski mpya ifute mafuta ya kiwandani kwa dawa ya kusafishia breki. Iliyochongwa ioshe kwa sabuni na maji ya moto, uikaushe. Fanya kazi ileile kwa diski zote mbili za ekseli, weka pedi mpya, kisha kaza nati kwa mpangilio wa msalaba ukitumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Kabla hujaondoa gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu.