Somo: Kukimbia Dar msimu wa kaskazi bila kudondoka njiani

Kuanzia Desemba hadi Machi Dar es Salaam haipoi hata usiku. Mchana nyuzi 32 au 33, alfajiri bado 25. Na ndiyo miezi ambayo wengi wanajinoa kwa Kilimanjaro Marathon ya Moshi mwishoni mwa Februari, kwa hiyo kusema "subirini kusi" hakuwasaidii.

Kabla ya hatua yoyote, lielewe jasho

Misuli ikikimbia, kama robo tu ya nguvu inayotumika inakuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, na njia kuu ya kulitoa ni jasho. Sasa shika hili: jasho linalodondoka chini halijakupoza chochote. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Mtu wa kilo 70 akimaliza kilomita 10 amezalisha joto ambalo lita moja hivi ya jasho ingeliondoa lote, kama lingekauka lote. Dodoma ya Septemba linakauka. Dar ya Februari fulana inachuruzika, soksi zinapiga chwa-chwa ndani ya kiatu, na mwili bado unachemka.

Kwa hiyo kwenye simu usiishie kuangalia nyuzi na asilimia ya unyevu. Asilimia inadanganya: alfajiri inaonyesha 90, mchana kama 60, kumbe mvuke uliopo hewani ni uleule. Angalia kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa kufikia hapo mvuke unageuka matone. Chini ya 18, kimbia utakavyo. Kati ya 18 na 21 utaanza kuhisi uzito. 22 na 23, punguza kasi. 24 kwenda juu, siku hiyo ni ya mbio nyepesi tu, hata kama ratiba imeandika mazoezi ya kasi. Januari na Februari Dar hukaa kati ya 23 na 25 siku nenda siku rudi.

Anayedhani giza linatosha akumbuke marathon ya wanawake ya ubingwa wa dunia, Doha 2019. Ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua. Jua likakwepwa, unyevu haukukwepeka. Walianza 68, 28 hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia 2:32:43, wakati Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia 2:17:08 Dubai. Robo saa nzima, kwa mwanamke yuleyule.

Hatua ya 1: Upe mwili siku 14

Anayetoka Arusha, Mbeya, Ulaya, au kwenye mashine ya jimu yenye kiyoyozi, aanze hivi:

- Siku ya 1 hadi 4: dakika 20 hadi 30, mwendo mwepesi kabisa.
- Siku ya 5 hadi 9: dakika 40 hadi 45.
- Siku ya 10 hadi 14: fikisha saa moja, bado nyepesi.

Ndani ya siku hizo maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema zaidi na linabeba chumvi kidogo. Ukikatisha wiki nzima katikati, usiendelee ulipoishia. Rudi nyuma hatua moja. Ukikaa mwezi bila joto, hesabu kwamba unaanza upya.

Hatua ya 2: Saa na njia

Januari jua linachomoza kama saa kumi na mbili na robo. Anza saa kumi na moja na nusu, uwe umemaliza saa moja kasorobo. Mapema Machi jua linapita utosini kabisa hapa Dar, kwa hiyo mbio za mchana wa mwezi huo zifute.

Usikimbie kwenda mbali halafu urudi. Chagua mzunguko wa kilomita 2 au 3 na uache chupa mahali pamoja, kwa mlinzi au mama wa genge, ili kila raundi ipite kwenye maji na usiwe mbali na msaada. Daraja la Tanzanite lina upepo mzuri wa bahari lakini halina kivuli hata cha kunguru. Likimbie kabla ya jua, siyo baada. Na vaa kitu kinachong'aa, maana bodaboda wa alfajiri hana breki za huruma.

Hatua ya 3: Sahau saa ya mkononi

Aliyezoea dakika 6:00 kwa kilomita asishangae kuona 6:30 au 6:45 kwa juhudi ileile. Damu inagombaniwa: misuli inaitaka, ngozi nayo inaitaka ili itoe joto, na moyo unaongeza mapigo ili kuwaridhisha wote wawili. Kipimo rahisi ni kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, kasi ni sahihi. Kama una kifaa cha mapigo, fuata mapigo na uiache kasi ishuke yenyewe. Mazoezi ya kasi yafanye mafupi na mapumziko marefu, mfano mita 400 mara 6 huku ukitembea dakika 2 katikati, badala ya kilomita 5 za mfululizo.

Hatua ya 4: Maji na chumvi, kwa kipimo

Jipime. Pima uzito ukiwa umevua nguo, kimbia saa moja, jifute vizuri, pima tena. Mfano: kilo 71.4 imekuwa 70.3, na njiani umekunywa mililita 400. Umepoteza lita 1.5 kwa saa. Tumbo la wengi halipokei kiasi hicho likiwa mbioni, na huhitaji kurudisha chote papo hapo. Kwa mbio zinazozidi saa moja, kunywa mililita 150 hadi 200 kila dakika 15 au 20. Jitahidi upungufu usizidi asilimia 2 ya uzito wako.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Ukimaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi. Maji matupu mengi yanaizimua chumvi ya damu. Mtu anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, na akizidishiwa maji kwa kudhani amekaukiwa, anaweza kufa.

Kinywaji cha nyumbani: maji salama lita 1, chumvi robo kijiko cha chai, sukari vijiko 10 vya chai vilivyosawazishwa, ndimu moja. Dafu? Zuri, lakini lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, wakati jasho linatoa zaidi chumvi ya kawaida. Litie kidole cha chumvi, au kula korosho za chumvi pembeni.

Hatua ya 5: Mavazi

Pamba inanyonya na kubaki nzito. Vaa fulana nyepesi ya jezi, pana. Kofia yenye matundu, iloweshe kabla. Vaselini kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Basi.

Hatua ya 6: Mwenzako akiyumba

Msisimko wa baridi, kichefuchefu, kizunguzungu: simama, ingia kivulini, lala miguu juu, kunywa. Mbio zimeisha.

Akianza kujibu ovyo, kukasirika bila sababu, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto (joto la ndani limepanda mpaka akili inavurugika, siyo kiharusi cha kupooza) mpaka ithibitike vinginevyo. Msisubiri ngozi ikauke. Mkimbiaji anaweza kuwa amelowa jasho huku ndani amevuka nyuzi 40. Kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mmoja aite gari, wengine wapoze. Kama kuna pipa au beseni kubwa la maji yenye barafu, mzamisheni mpaka shingoni na mmoja akishike kichwa. Kama hakuna, chukueni barafu kwenye duka la vinywaji, tieni kwenye ndoo ya maji, chovyeni khanga au taulo, mfunikeni mwili mzima, mpepeeni, na mbadilishe khanga kila dakika 2 kwa sababu inapata moto haraka. Barafu nyingine shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mtu asiye na fahamu timamu asinyweshwe chochote. Panadol haishushi joto hili, na diclofenac au ibuprofen zinaumiza figo zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tabata): Kocha, si tunaambiwa maji baridi kwenye mwili wa moto yanaleta kiharusi cha kupooza? Mtaani kwetu mtu akianguka wanamfunika.

Jibu: Wanaomfunika wanamwongezea joto, kaka. Kinachomuua ni dakika anazokaa akiwa juu ya nyuzi 40, na lengo ni kumshusha ndani ya nusu saa. Maji ya barafu ndiyo tiba. Acheni kupoza akianza kutetemeka sana na akili imerudi.

Swali (Mbagala): Nikijifunga nailoni tumboni natoka jasho sana na mizani inashuka kilo moja na nusu. Ubaya uko wapi?

Jibu: Kilo hiyo ni maji, dada, ukinywa inarudi kabla ya chakula cha mchana. Nailoni inazuia jasho kukauka, yaani umeziba tundu kuu la kutolea joto. Msimu huu ivue kabisa.

Swali (Magomeni): Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, nikimbie baada ya daku au kabla ya futari?

Jibu: Baada ya daku ukitoka jasho lita moja, utakaa nayo deni kutwa nzima. Afadhali dakika 30 nyepesi zinazoishia kwenye adhana ya Magharibi, uteremke moja kwa moja kwenye tende na maji. Mazoezi marefu yaweke baada ya tarawehe, ukiwa umeshakunywa kidogo kidogo. Ukihisi kizunguzungu ukiwa umefunga, tembea mpaka nyumbani.

Swali (Kimara): Natumia dawa za presha za kukojoza. Somo hili linanihusu?

Jibu: Kipimo cha maji na chumvi hapo juu usikifuate kabla ya kuongea na daktari wako, maana dawa hizo zinatoa vyote viwili na wewe chumvi inakuhusu kwa namna yake. Muulize pia saa ya kumeza siku ya mazoezi. Mwenye homa, malaria au kuhara naye asikimbie, hata kama anajisikia "nafuu", mpaka siku kadhaa zipite.

Swali (Sinza): Mimi natoka kazini saa kumi na moja jioni, alfajiri siwezi. Niache?

Jibu: Usiache. Jioni hewa ni ya moto zaidi lakini kuna upepo wa bahari, unaosaidia jasho kukauka. Tatizo ni lami, bado inatema joto la mchana, na moshi wa foleni. Subiri saa kumi na mbili na nusu, kimbia kwenye vumbi au nyasi pembeni ya uwanja wa mtaa, na kunywa mililita 400 saa mbili kabla ya kutoka.