Mitungi ya pembeni: angalia koki kabla hujakata mpira

Mwanafunzi akija kwangu kujifunza kuzamia na mitungi ya hewa ya pembeni, mmoja kila upande badala ya kubebwa mgongoni, swali lake la kwanza huwa la mpira, yaani kamba ya kuvutika inayoshikilia koki ya mtungi karibu na kwapa. Aweke mmoja mrefu unaopita mgongoni na kutokea kwapa zote mbili, au kila upande uwe na wake? Mimi humwambia tukatazame koki kwanza, yaani valvu ya kufungulia hewa juu ya mtungi, kwa kuwa koki ndiyo inayoamua.

Hapa Nungwi, Zanzibar, mitungi tunayoshuka nayo ni ya aluminiamu, lita 11 na ushei, na koki zake zote ni za mkono mmoja, yaani kishikio kiko upande uleule kwenye kila mtungi. Ilaze miwili mchangani, mmoja kulia kwako na mwingine kushoto, uipange kama utakavyoivaa. Kishikio cha mmoja kitatazama nje, cha wa pili kitatazama mbavu zako. Mpira mmoja mrefu unataka vishikio vyote viwili vitazame nje, maana kishikio ndicho kinachouzuia usichopoke. Wenye koki za jozi, moja ya kulia na moja ya kushoto, kama wengi wanaozamia kwenye mapango ya Mexico na Florida, wana sababu ya kuusifu. Unavuta koki mpaka kwapani na mtungi unalala sambamba na mwili. Ukiwa na koki kama hizo, utumie. Ukiwa na mitungi ya kukodi, weka mpira kila upande.

Nina sababu ya pili. Nilikuwa kisiwani Mnemba, kina cha mita 18, nikiwa na mpira mmoja mrefu. Ulikuwa umesagika taratibu kwenye tundu la bamba la mgongoni, mahali nisipopaona hata nikigeuza shingo. Ulipokatika, mitungi yote miwili ilianguka kwa wakati mmoja, koki zikaning'inia mbele ya tumbo huku mkondo ukinisukuma. Nilichokuwa nacho ni kamba fupi ya akiba iliyofungwa shingoni mwa kila mtungi na kuunganishwa kwenye pete ya kifuani. Hizo kamba mbili ndizo zilizoniwezesha kupanda polepole nikiwa na regulata, kifaa cha kuvutia hewa, mdomoni. Tangu siku hiyo simruhusu mtu aruke majini bila kamba ya akiba, awe na mpira wa aina yoyote. Wanaobaki na mpira mrefu nawashauri wapige fundo katikati ya mgongo, ili upande mmoja usiulegeze mwingine mtungi unapovuliwa.

Sasa mpira wenyewe. Ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, yenye ndoano za waya kila ncha, iache. Ndani ina nyuzi chache tu za mpira na jua la huku linaimaliza upesi. Nunua wa kukatiwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya boti, unene wa milimita 8, wenye kitambaa kilichobana. Wa milimita 6 nimeutumia. Ni rahisi kuuvuta, lakini mtungi ukijaa, mpira huo unanyooka kupita kiasi na koki inashuka kutoka kwapani. Wa milimita 10 utakuchosha mkono, hasa ukivalia majini kando ya boti.

Kata mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Anza na sentimita 50 kila upande, ncha moja ifungwe nyuma kati ya mabega, nyingine ipite chini ya kwapa ije kifuani, ishikwe kwa klipu. Usichome ncha kwa kiberiti bado. Ingia maji ya kifuani ukiwa na mitungi iliyojaa, lala kifudifudi, mwenzako akupige picha ya ubavu. Koki ikiwa chini ya usawa wa kifua, fupisha sentimita 2, jaribu tena. Mimi, kwa wetsuti (vazi la kuzamia) ya milimita 3, nilitulia kwenye sentimita 38 upande wa kushoto na 40 upande wa kulia. Tofauti hiyo inatokana na kishikio kinachotazama mbavu; mpira unazunguka shingo ya koki kwa njia ndefu kidogo. Kama mpira ungekuwa mmoja, nisingeweza kuipata.

Hapo wengi hukosea: mtungi ukiwa umesogea mbele mno, koki ikigusa kidevu, wanakata mpira. Mpira hauhusiki. Inayohusika ni bendi inayozunguka mtungi kwa chini, yenye klipu ya kiunoni. Bendi ikiwa karibu na kitako cha mtungi, mtungi wote unasogea mbele. Ipandishe kidogo kuelekea koki, nao unarudi nyuma.

Zungusha mpira kwenye shingo ya koki, usiukalishe juu ya kishikio chenyewe. Ukikaa juu yake unaweza kukizungusha kidogo kidogo kila unapoinua mkono, na koki ikafunga bila wewe kujua. Baada ya kuvaa, shika kila kishikio kwa vidole uhakikishe kiko wazi.

Botini kwetu huwezi kuvaa yote ukiwa juu. Unaruka, nahodha anakuteremshia mtungi. Unganisha kwanza kamba ya akiba ya shingoni, kisha klipu ya kiunoni, mpira uwe wa mwisho. Kwenye Leven Bank, mwamba wa chini ya bahari ambako mkondo haukusubiri, ukianza na mpira na ukakuponyoka, mtungi umeshakwenda chini.

Hewa ya mtungi wa lita 11 kwa mgandamizo wa bar 200 ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu, kwa hiyo kuelekea mwisho wa mbizi aluminiamu inakuwa nyepesi na kitako kinaelea juu kama mkia. Hilo nalo halitibiwi kwa mpira. Ikifika kama bar 100, hamisha klipu ya kiunoni kutoka pete ya nyuma kwenda pete ya mbele kwenye mkanda, na mtungi utalala tena.

Ukisharidhika na urefu, choma ncha, piga fundo mara mbili, vuta kwa nguvu zako zote. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, anika kivulini. Kila wiki pitisha kidole kwenye kila tundu ambalo mpira unapita. Kitambaa kikianza kutoa nyuzi, ubadilishe siku hiyo hiyo. Mimi hubadilisha yote kila masika, mvua zinapopunguza wageni, hata ile inayoonekana bado mizima.