Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaanza Kufufua Boti Kuukuu ya Jeti Tanga

Boti kuukuu ya jeti huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu aliyekuwa nayo ameshindwa kuihudumia, na kwa kawaida hakushindwa kwa sababu ya rangi wala viti. Kabla hujamkabidhi mtu fedha zako, elewa kwanza unanunua chombo cha namna gani. Boti hii haina pangaboi nje. Injini iliyo ndani huzungusha pampu, pampu huvuta maji kupitia tundu lililo kwenye kitako cha boti na kuyatoa nyuma kwa kasi kupitia mdomo mwembamba, na msukumo huo ndio unaoipeleka mbele. Mfumo huu uliendelezwa na Bill Hamilton wa New Zealand katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye maji haba na mawe mengi, na baadaye Wamarekani wakaufunga kwenye boti nyepesi za faiba zenye injini za V8 zilizotokana na magari, ili watembelee maziwa na mito yao. Kwa hiyo boti nyingi za aina hii za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa ajili ya maji baridi, nawe unataka kuitumia kwenye maji ya chumvi. Tofauti hiyo itakudai fedha katika kila hatua, basi ipangie tangu mwanzo.

Karatasi ni jambo la kwanza, na halina mjadala. Taka hati ya umiliki na ushahidi kwamba ushuru wa forodha ulilipwa, kisha nenda TASAC, shirika la serikali linalosimamia usajili na usalama wa vyombo vya majini, ukaulize masharti ya ukaguzi na usajili wa chombo cha ukubwa huo kabla ya kununua, si baada ya kupaka rangi.

Piga picha kibati cha injini na kibati cha pampu. Bila kujua kama pampu ni Berkeley, Jacuzzi au Hamilton, na ni ya modeli ipi, hutaweza kuagiza hata gasketi moja. Andaa pia spana za inchi, kwa maana spana za milimita zilizozoeleka katika gereji zetu zitakula vichwa vya bolti zilizoshika kutu, na bolti iliyokatikia ndani ya bloku ni kazi ya siku nzima.

Tafuta kivuli chenye paa, sakafu iliyo sawa na umeme wa kuaminika. Faiba na resini, yaani gundi inayoigandisha, havipatani na unyevu, kwa hiyo kazi ya kuunga ifanyike kati ya Januari na Februari, au kuanzia Juni baada ya masika kwisha. Anayeanza kuunga mwezi wa Aprili chini ya turubai lililotoboka anafungia maji ndani ya boti yake kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote, nalo ni mbao zilizo chini ya sakafu. Watu husikia kwamba boti ni ya faiba wakadhani kwamba haina mbao. Boti nyingi za zama hizo zina mihimili ya mbao inayolala kwa urefu wa chombo, imevikwa faiba, na juu yake kuna sakafu ya plaiwudi. Ukuta wa nyuma nao mara nyingi una plaiwudi katikati. Injini imefungwa kwa bolti kwenye mihimili hiyo. Boti ikiachwa wazi mvuani, maji hupenya kwenye matundu ya skrubu za viti, hushuka hadi kwenye mbao, na kwa kuwa mbao zimefungiwa ndani ya faiba, hayana pa kutokea. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, jambo ambalo mafundi wa majahazi wa pwani hii wanalijua vizuri. Hivyo boti iliyokaa miaka mingi chini ya mti, mbali na bahari, ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu. Kijana mmoja wa Sahare alinunua boti ya jeti iliyokuwa imetelekezwa chini ya mkungu katika kiwanja kimoja kando ya barabara ya Pangani. Kwa nje ilikuwa nzima: faiba haikuwa na ufa, na hata mng'ao wake ulirudi ilipopigwa msasa. Akiba yake yote akaiweka kwenye injini. Aliagiza ringi, gasketi na vifaa vya kabureta kutoka nje ya nchi, akamlipa fundi wa injini, akashona viti vipya vya reksini. Mzee mmoja fundi wa majahazi alipita kuitazama, akagonga sakafu kwa mpini wa patasi, akasikiliza, akagonga tena mahali pengine. Akamwambia, "Mwanangu, fungua sakafu hii kabla hujarudisha mashine." Kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, hii ni faiba, haiozi." Fundi wa injini akamuunga mkono, kwa kuwa alitaka kumaliza kazi yake na kulipwa.

Wakaishusha maji yakiwa yamejaa. Ndani ya ghuba, kwa mwendo wa taratibu, ilikwenda bila tatizo, na sote tuliokuwa ufukweni tulifurahi. Ilipofika upande wa Kisiwa cha Toten, kijana akaiongezea kasi, boti ikaanza kupiga kwenye mawimbi madogo ya kawaida, na hapo bolti za injini, ambazo zilikuwa zimeshika kwenye mbao zilizooza, zikaachia. Injini ikasogea. Shafti inayounganisha injini na pampu ikatoka kwenye mstari wake, ikaanza kupiga, na mtikisiko ule ukapasua muungano wa faiba mahali ambapo pampu imekaa kwenye kitako cha boti. Maji yakaingia kwa wingi kuliko pampu ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika, ilivyoweza kuyatoa. Wavuvi waliokuwa wakirudi kwenye diko la Deep Sea wakawaokoa vijana wote waliokuwamo, wakaifunga boti kamba na kuikokota, ikiwa imekwisha kulala upande mmoja. Nilikuwa miongoni mwa walioivuta mchangani.

Siku ile ile tulikata sakafu. Mihimili ilitoka kwa vidole, myeusi, ikichuruzika maji, na povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu lilikuwa limekunywa maji kiasi kwamba kila kipande kilihitaji mikono miwili. Injini iliyokuwa imegharimu akiba yote ilikuwa imelala kwenye maji ya chumvi, na kabla hajapata fedha nyingine za kuifungua na kuisafisha, silinda zilikuwa zimeshika kutu. Yote hayo yangejulikana kwa gharama ya diski moja ya grainda.

Kwa hiyo kagua hivi kabla ya kulipa. Gonga sakafu, mihimili na ukuta wa nyuma kwa nyundo ya plastiki, sehemu kwa sehemu. Penye uzima hulia kwa mlio mkavu, na palipooza au palipoachana hulia kwa mlio mzito uliokufa. Kisha, kwa ruhusa ya muuzaji, toboa matundu machache madogo kutoka ndani, hasa karibu na bolti za injini na sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma, na utazame unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni dalili njema. Ukiwa mweusi na umelowa, mbao zimekwisha, na bei lazima ishuke kwa kiasi cha kazi hiyo, au uondoke. Muuzaji akikukataza kutoboa, amekwisha kukujibu.

Ukiamua kubadilisha mbao, pima kwanza kimo cha injini kutoka kwenye kitako na mstari wake na pampu, uandike vipimo hivyo mahali pasipopotea. Iegemeze boti vizuri kwenye magogo kwa urefu wake wote, kisha badilisha mhimili mmoja baada ya mwingine. Ukiing'oa yote kwa pamoja kitako hupinda na hakirudi. Tunza vipande vya zamani hata kama vimeoza, vitumike kama kielelezo. Wengi hapa watakushauri utumie mtiki wa shamba la miti la Longuza kwa kuwa uko karibu na unasifika kwa vyombo vya baharini. Ni mbao nzuri kweli, lakini una mafuta ya asili yanayozuia resini isishike sawasawa; plaiwudi ya baharini, au mbao kavu isiyo na mafuta, itakufaa zaidi ndani ya faiba.

Katika kazi ya resini, usikubali mzaha. Kigandishi chake kikiingia machoni kinaweza kukupofusha, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na uwe na maji safi karibu. Kama resini imeuzwa pamoja na kiharakishi cha kobalti katika chupa ya pembeni, usikichanganye kamwe moja kwa moja na kigandishi, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Katika joto letu, kigandishi kingi huifanya resini ichemke na hata kuwaka ndani ya ndoo, basi changanya kidogo kidogo. Vumbi la faiba linataka barakoa ya kweli, si kitambaa.

Injini ifuate baada ya mbao, wala isiwe kinyume chake. Usiipige staata kwanza. Toa plagi, mimina mafuta laini ndani ya silinda, acha yapenye, kisha izungushe kwa mkono kwa spana. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia. Ukifika wakati wa kuiwasha nchi kavu kwa mpira wa bomba, fuata utaratibu huu bila kuupindua: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji; unapomaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Injini hizi hupozwa kwa maji yanayotoka nje kupitia eksozi. Maji yakifunguliwa wakati injini haizunguki, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, hivyo yanaweza kurudi kwenye silinda. Kwa kuwa maji hayashindiliki, ukipiga staata unaweza kupinda konrodi. Usiiache ikiunguruma kwa muda mrefu nchi kavu, na mtu yeyote asiingize mkono chini ya boti karibu na tundu la pampu.

Kwenye pampu yenyewe, tazama nafasi kati ya feni ya ndani na pete inayoizunguka. Inapaswa kuwa ndogo sana, chini ya milimita moja; ikiwa mchanga umeila, injini itanguruma kwa nguvu na boti haitakimbia. Sikiliza pia beringi zake unapoizungusha kwa mkono.

Usinunue staata, oltaneta wala pampu ya mafuta ya gari kwa sababu tu ni rahisi kupatikana. Vya baharini hutengenezwa ili cheche zisitoke nje, na hilo lina maana kubwa kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye ngama ukisubiri cheche moja. Funga feni ya kutoa hewa chafu, iendeshe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha, na hata hivyo fungua kifuniko unuse kwanza. Badilisha mipira yote ya mafuta, hata inayoonekana mizima. Petroli nayo ipigie hesabu mapema: injini yenye nguvu za farasi 300 ikiendeshwa kwa kasi ya mwisho inaweza kupita lita 100 kwa saa.

Kila ukitoka baharini, suuza injini na pampu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Funga vipande vya zinki karibu na pampu ya alumini ili viliwe badala yake, na usivipake rangi. Usipake alumini rangi ya kuzuia viumbe yenye shaba, kwa maana itaitoboa.

Siku ya majaribio, jua kwamba boti nyingi za zamani za aina hii hazina gia ya kuachia: injini ikiwaka tu, pampu inasukuma. Jua pia kwamba usukani hufanya kazi kwa nguvu ya maji yanayotoka nyuma, hivyo ukiona hatari mbele na kuachia mafuta kabisa, unapoteza usukani wakati unaouhitaji zaidi. Jifunze jambo hilo mahali palipo wazi, pasipo na waogeleaji wala nyavu. Chagua siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, kwa sababu bamvua hupwa mbali na kukuacha kwenye mchanga na majani ya bahari, ambayo huziba tundu la pampu na kuikosesha injini maji ya kuipoza. Kila mmoja avae jaketi okozi lililofungwa, si lililokaliwa. Chukua kasia, nanga yenye kamba ya kutosha, kizima moto na ndoo. Mashua nyingine iwe karibu, na mtu wa ufukweni ajue saa ya kurudi. Usiende mbali na ghuba katika miezi ya kusi. Usipakie watoto hadi umeizoea. Usimwazime mtu ambaye hajakaa nawe kwenye usukani. Na baada ya kila safari fungua kifuniko, kausha ngama, kaza upya bolti za injini, kisha utazame tena kesho yake asubuhi kama kuna maji mapya.